Mkono wa Candiru

Walimleta kwa bodaboda, watu watatu juu ya pikipiki,
yeye katikati, wima kama jora la kitambaa.
Alipoteremshwa mbele ya wadi yetu, hapa Arua,
magoti yalibaki yamekunjika
kana kwamba pikipiki ingali chini yake.

"Kiburi," alisema mama mkwe.
"Siku ya tano hasemi, hali, kope hapigi.
Nimempikia enyasa, nimempikia angara,
ameukazia macho ukuta kama ukuta ndio uliomwoa."
Kaka yake alininong'oneza neno jingine, la usiku.
Ayikoru, nesi wa zamu, akaandika:
Mgonjwa mkaidi. Amegoma kula.

Nami, nikiri, nilikuwa na njaa na foleni ndefu.
Kalamu yangu ilikwisha anza kulinakili lile neno
nilipomshika mkono kutafuta mapigo,
nikauinua, nikauachia.

Haukushuka.

Ulibaki hewani, gumba na kidole cha shahada vimebanana
kama vinavyobana sindano: ni fundi cherehani huyu.
Nikakikunja kiwiko. Kikagoma kidogo, kisha kikalegea
mithili ya mshumaa uliopata joto la kiganja,
kikatulia pale pale nilipokipeleka.
Saa ya ukutani ilikwenda dakika kumi.
Mkono haukwenda popote.

Ndipo nikamkumbuka Drani.
Mwaka juzi, wadi hii hii. Yeye hakuganda, alitembea:
hatua nne, geuka, hatua nne, geuka,
akirudia mwisho wa kila sentensi yetu, mchana kutwa na usiku.
Tulimfunga kamba. Tulisema wazimu umempanda.
Joto lake lilifika arobaini, misuli ikawa ubao.
Alikufa Alhamisi, na katika faili lake
hakuna aliyeandika katatonia.
Mwandiko wa mwisho ni wangu.

Nikamwambia Ayikoru, futa mkaidi.
Mkaidi hukataa, na huyu hata kukataa hawezi.
Kabatini mlikuwa na ampuli mbili za diazepamu,
dawa ya kuwalaza watu.
"Aliyelala utamlazaje tena?" aliuliza, na swali lilikuwa la haki.
Nikaichoma polepole, nikihesabu pumzi.

Dakika ya kumi na nane, kope moja.
Kisha mkono ukaanza kushuka
kama mtu ateremkaye ngazi gizani,
akipapasa kila kidato kwa unyayo.
Ulipofika pajani, Candiru alisema:
"Maji."

Akanywa vikombe vitatu. Akala ndizi, maganda akayashikilia.
Akatueleza, kwa sauti yenye kutu,
kwamba tangu Alhamisi ile alishika uzi,
uzi usioonekana na mtu mwingine,
na mwisho wa uzi palining'inia wanawe wawili
juu ya shimo.
"Ningesogeza kidole ungekatika.
Ninyi mliniambia kula. Kwa mkono upi?"

Mama mkwe aliutazama ukuta.

"Nilisikia yote," aliendelea. "Kiburi nilikisikia.
Wewe daktari, tumbo lako lilinguruma.
Na wewe dada, uliimba ukitandika kitanda,
ukauruka ubeti wa pili."
Ayikoru alicheka, akatoka nje, akakawia huko.

Wahenga walisema kimya kingi kina mshindo.
Sikujua kwamba mshindo wenyewe huwa ndani,
na mwenye kimya ndiye unayempiga.

Saa tano za usiku mkono ulianza kupanda tena,
taratibu, gumba likitafuta kidole.
Ayikoru aliuona kabla yangu.
Hakuandika kitu.
Alikwenda kabatini.